Watoto wa Sajini

Jumapili, 2 Machi 2025

Saa kumi na mbili asubuhi. Sajini amezaa wanne, mmoja hakupumua. Waliobaki ni dume mmoja mweusi na majike wawili wa rangi ya udongo. Mvua ya kwanza ilinyesha jana na kibanda chake kinavuja upande wa nyuma, kwa hiyo nimepigilia bati. Nilipoinama kuweka maji alinikoromea, mimi ninayemlisha. Mbwa mzuri.

Nilikuwa mlinzi Nairobi miaka ishirini na minne, na kila zamu niliandika kitabu cha matukio. Nimestaafu mwaka juzi lakini mkono haujakubali. Juzi nimenunua daftari Ikonge. Mwaka jana mwezi wa nane ng'ombe wetu aliibwa, na polisi walipokuja sikuwa na la kuwaonyesha isipokuwa zizi tupu na alama za viatu vilivyojaa maji. Wezi walimpa Sajini nyama yenye dawa, nina hakika, kwa sababu hakubweka hata mara moja. Safari hii nitaandika kila kinachopita hapa.

Wanaokaa nyumbani: mimi, Haron Ogari. Mke wangu Esnah. Lorna, mke wa kitinda mimba wetu Gibson, ambaye anafanya kazi Nairobi. Lorna ni mtu wa Masimba, aliletwa Desemba. Simjui vizuri.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Hali shwari.

Alhamisi, 6 Machi

Lorna aligeuza ndoo akaikalia, hatua kumi kutoka kibanda cha Sajini, akawa anamtupia vipande vya ugali. Hakusema neno na hakumtazama. Nilimwangalia kutoka kwenye majani chai karibu saa nzima. Mtu anayetafuta urafiki na mbwa asiye wake ana sababu.

Jumanne, 11 Machi

Leo ndoo iko hatua nne.

Jumapili, 16 Machi

Lorna amemshika mtoto mmoja kiganjani na Sajini hakumrukia. Sajini huyu, ambaye Esnah hapiti uani mpaka mimi nishike mnyororo! Nimemnusa Sajini mdomo kuona kama kuna harufu ya dawa. Kuna harufu ya mbwa.

Siwezi kumuuliza msichana mwenyewe. Kwetu baba mkwe hasimami na mke wa mwanawe wakahojiana, kuna heshima yake. Maneno hupitia kwa mama. Nilimuuliza Esnah tukichambua maharagwe.

"Mama Gibson, huyu anataka nini na mbwa wangu?"

"Anasema watoto wa mbwa wana majuma machache tu ya kuzoea dunia. Wakiona watu wengi wakati huo, hawaogopi wakikua. Majuma hayo yakipita, kuwafundisha ni kazi ngumu."

"Dunia gani? Dunia ya mbwa ni geti."

"Muulize."

Anajua siwezi.

Jumatatu, 24 Machi

Leo Lorna amewabeba wote watatu kwenye beseni mpaka kituo cha majani, tunapopimia na kuuza chai. Nilikuwa na gunia langu la majani mgongoni, kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kumfuata. Pale kituoni, mbele ya watu arobaini, amewapitisha mkono kwa mkono. Karani wa mizani amewashika. Wanawake wamewashika. Mtu nisiyemjua, mwenye koti la mvua la manjano, amemlisha mmoja kwa mkono wake. Lorna anawaambia wachuchumae na wasiwakodolee macho. Hakuwaweka chini hata kidogo. Nimesikia akisema hawajachanjwa na chini kuna magonjwa. Angalau hilo.

Lakini nimejiuliza njia nzima ya kurudi. Mbwa aliyekula mkononi mwa kila mtu atambwekea nani?

Esnah anasema msichana huyu alifanya kazi miaka miwili mjini Kisii kwa daktari wa wanyama, akiosha vyumba vya mbwa. Sijaona cheti.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua ya mawe kidogo. Hali shwari.

Jumatano, 2 Aprili

Saa tano na robo. Pikipiki nyekundu imesimama nje ya geti. Mwanamume, helmeti kichwani, ndevu zinaonekana chini yake. Lorna alitoka na beseni. Mtu yule akavua helmeti, akavaa, akavua tena, kama mtu anayejaribu kofia dukani. Akawapa watoto kitu wakala. Akaondoka. Dakika sita kwa jumla. Nilikuwa nyuma ya migomba, sikuona uso vizuri.

Namba ya pikipiki nimeiandika kwenye jalada la nyuma.

Ijumaa, 4 Aprili

Pikipiki tena. Dakika nne. Safari hii alingurumisha injini kwa makusudi huku Lorna akiwalisha.

Jumatano, 9 Aprili

Pikipiki. Nimemwambia Esnah. Akasema, "Kwani barabara ni yako?"

Jumapili, 13 Aprili

Wamefikisha majuma sita na tumegawana. Esnah alikata shauri baada ya mimi kupandisha sauti: majike wawili wa Lorna, dume wangu. Lorna amewaita wake Mandazi na Chapati. Mbwa wa ulinzi anaitwa Mandazi! Wangu ni Kamanda.

Nimemjengea Kamanda kibanda chake nyuma ya jiko, mbao nene, bila dirisha. Ndivyo nilivyomlea Sajini na ndivyo walivyolelewa mbwa wa kampuni niliyofanyia kazi. Mchana wanakaa gizani, jioni wanafunguliwa, na mtu wa pekee wanayemjua ni yule anayewaletea chakula. Mbwa wa namna hiyo hahongeki.

Lorna alisimama mlangoni mwa jiko akitazama ninavyopiga misumari. Akamnong'oneza Esnah kitu, Esnah akatikisa kichwa.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimefanya jambo ambalo sitaliandika kwa fahari. Lorna alienda sokoni Ikonge na akaacha kitabu chake cha mazoezi kwenye ngazi ya ghala. Nilikifungua.

Ni orodha. Mtu mwenye mwavuli, alama. Mzee mwenye fimbo, alama. Mtoto anayelia, alama. Mtu mwenye helmeti, alama tano. Mama aliyebeba gunia kichwani. Redio kwa sauti kubwa. Kuku wakikimbia. Bati likianguka. Mtu anayechechemea. Kurasa nne za namna hiyo, na tarehe.

Nimeona orodha kama hii mara moja maishani, mfukoni mwa kijana tuliyemkamata akichunguza jumba la tajiri mmoja: nani anapita, saa ngapi, amevaa nini. Mstari wa mwisho umeandikwa "Baba". Hauna alama. Kwa nini mimi nimebaki?

Nilikirudisha kitabu jinsi kilivyokuwa, jalada la mbele likielekea jikoni.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimempigia Gibson simu. Nikamwambia kuna pikipiki, kuna orodha, na mkewe anawafanya mbwa wawe marafiki wa kila mtu. Alicheka.

"Baba, hapo ni nyumbani. Si lindo."

"Na ng'ombe aliibwa wapi? Si nyumbani?"

Akaacha kucheka. Kisha akasema Lorna amemwambia anamwogopa Sajini, na kwamba akipata mtoto hapo hataki mtoto wake alelewe karibu na mbwa wa aina hiyo. Sikujua kama analalamika kwangu au ananitishia.

Jumanne, 6 Mei

Kamanda amekoroma! Nilipita na jembe begani akarudi nyuma mpaka ukutani akaonyesha meno. Majuma tisa tu. Mandazi na Chapati siku hiyo hiyo walikuwa wamelala chali kwa muuza mitumba, wakikunwa tumbo.

Kamanda hukojoa kila nikifungua mlango. Bado mdogo.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua siku tatu bila kukoma. Majani yanakua kuliko mikono ya kuyachuma. Bochaberi, jirani yetu wa upande wa chini, amekubali kuja kumsaidia Esnah wiki ijayo. Wameimba kwaya moja kanisani tangu wakiwa wasichana.

Jumatano, 14 Mei

Naandika haya saa kumi jioni.

Esnah na Bochaberi walikuwa wakichuma tangu asubuhi. Saa nne mvua ilishuka ghafla, yenye mawe, na Bochaberi akakimbilia uani kutafuta mahali pa kujikinga. Alikuwa amejifunika ile aproni ya plastiki ya kuchumia, ameishika juu ya kichwa kwa mikono miwili, na plastiki inapiga kelele kwenye upepo. Mimi nilikuwa ghalani. Sajini nilikuwa nimemfunga. Nasema tena, nilikuwa nimemfunga mwenyewe saa kumi na mbili na nusu.

Nilisikia yowe. Nilipotoka, Sajini alikuwa amemng'ang'ania pajani na Bochaberi yuko chini kwenye matope. Lorna alifika kabla yangu. Hakupiga kelele. Alimfunika Sajini kichwa kwa gunia, akamvutia nyuma, na Sajini akaachia. Kisha mbwa yule akakimbia kuingia kibandani mwake na kujikunyata kwenye kona ya ndani kabisa.

Lorna alimketisha Bochaberi kando ya mfereji wa tangi la maji, akachukua sabuni ya kufulia, akaosha jeraha maji yakimwagika, akaosha na kuosha. Esnah alitaka kulifunga kitambaa.

"Bado, Mama," Lorna akasema. "Robo saa nzima kwanza. Halafu hospitali, akapate sindano za kichaa cha mbwa leo hii, sio kesho."

Bochaberi alikuwa akilia bila sauti. Aliniangalia mara moja tu. Mimi nilisimama na mnyororo mkononi.

Halafu ile pikipiki nyekundu ikatokea. Lorna alikuwa amepiga simu. Haikupita dakika kumi! Wakampakia Bochaberi katikati, Esnah nyuma akimshikilia, wakaondoka kwenye mvua.

Nikabaki uani na Lorna, na hatukuwa na mtu wa kupitishia maneno. Nikauangalia mnyororo. Haukukatika popote. Ndoano ilikuwa wazi.

Esnah aliporudi saa nane nilimwambia kwa sauti, nikijua nani yuko jikoni:

"Mnyororo haukukatika, Mama Gibson. Ulifunguliwa. Na hapa nyumbani ni watu wawili tu wanaomkaribia Sajini. Mmoja ni mimi."

Jikoni sufuria ilinyamaza. Kisha sauti ya Lorna, taratibu:

"Mama, mwambie Baba nimesikia."

Alhamisi, 15 Mei

Lorna ameondoka asubuhi kurudi kwao Masimba. Amewachukua Mandazi na Chapati. Juu ya meza ameacha karatasi ya chanjo ya Kamanda, ya kabla hatujagawana. Mimi sikujua kama alichanjwa. Esnah ananipikia na haongei.

Hospitali wamesema Sajini afungwe siku kumi na aangaliwe. Akiugua au akifa katika siku hizo, waambiwe. Nimemfunga kwa kamba ya nailoni juu ya mnyororo.

Jumamosi, 17 Mei, Sabato

Kanisani kiti cha Bochaberi kwenye kwaya kilikuwa wazi. Watu walimsalimia Esnah. Mimi nilisalimiwa kwa ncha za vidole, kama mtu mwenye mikono michafu. Baada ya ibada mzee wa kanisa alinivuta kando akaniambia Sajini ameshauma watatu sasa. Nikasema wawili. Akasema, "Ogari, wewe unahesabu waliokuja kulalamika."

Siku ya tatu. Sajini anakula.

Jumatatu, 19 Mei

Saa tatu na dakika ishirini. Pikipiki nyekundu. Safari hii nilikuwa nimesimama getini nikiingoja.

"Zima injini. Shuka. Vua helmeti. Jina?"

Mtu akatii yote. Ana miaka kama thelathini na mitano, ndevu nyingi. Alikuwa karibu kutabasamu, akaacha.

"Mzee, hunikumbuki? Ochoki. Mimi ndiye wa kupandikiza mbegu kwa ng'ombe. Nilikuja hapa mwaka jana mwezi wa saba, ulipokuwa na yule ng'ombe wa madoa. Nilikuwa sina ndevu."

Miaka ishirini na minne nilikariri nyuso za watu, na huyu alisimama kwenye zizi langu nikamsahau.

"Unakuja kufanya nini na mke wa mwanangu?"

"Naja kuzoewa." Akapandisha suruali mpaka gotini. Kulikuwa na kovu la duara, la waridi, juu ya kifundo. "Hii ni ya mbwa wako. Siku ile nikiondoka. Na hii ya juu niliipata kule Nyacheki, kwa mtu mwingine, na hii hata sikumbuki. Mimi kazi yangu ni kuingia kwenye maboma ya watu na helmeti na ndoo inayonuka dawa. Mbwa wote wananichukia. Lorna akaniomba nikipita hapa nisimame, nivae, nivue, ningurumishe pikipiki, niwape kitu kitamu. Anasema mbwa akiona helmeti mara ishirini akiwa mdogo, haitakuwa shetani akikua."

"Mbona hukusema mbwa wangu alikuuma?"

"Nilikuambia, mzee. Tena nikakuonyesha ile ndoano ya mnyororo, kwamba mbwa akivuta kwa ubavu inajifungua. Ukasema mbwa mwenye nguvu lazima avute."

Nilimwambia aendelee na safari zake. Ilipozama sauti ya pikipiki nilienda kuchukua ule mnyororo wa zamani, nikaushikisha kwenye nguzo na kuuvuta moja kwa moja. Ukashika. Nikasogea pembeni, nikauvuta kwa ubavu kama mbwa anayemkimbilia mtu upande wa tangi.

Ukafunguka.

Nimejaribu mara saba. Umefunguka mara tano.

Jumanne, 20 Mei

Namba ya pikipiki bado iko kwenye jalada la nyuma. Sijaifuta. Siku ya sita, Sajini anakula.

Jumatano, 21 Mei

Nilimweleza Esnah habari ya ndoano. Alikuwa akikatakata mboga na hakuinua kichwa. Nikasema, angalau Sajini ni mbwa wa kazi, kama wezi wa ng'ombe hawangempa dawa wangejuta.

Esnah akaweka kisu chini.

"Hawakumpa dawa, Baba Gibson."

"Unajuaje?"

"Asubuhi ile mimi ndiye niliyeamka kwanza. Nilimkuta chini ya ghala, mpaka ndani kabisa ambako kuku hutagia. Macho yako wazi, anatetemeka mwili mzima, amejikojolea. Mbwa aliyepewa dawa analala. Huyu alikuwa amejificha."

"Hakubweka."

"Aliwaogopa. Walikuwa wanaume wengi, na hajawahi kuona wanaume wengi. Hajawahi kuona chochote. Nilimwosha kabla hujatoka."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miezi yote hii. Akachukua kisu tena.

"Ulikuwa umeshawaambia polisi ni dawa. Ulikuwa unapita kwa majirani ukisema mbwa wako hahongeki, ilibidi alishwe sumu. Nikasema ngoja nikuachie hilo. Sasa Bochaberi ana nyuzi kumi na moja pajani, na mimi ndiye ninayemwangalia usoni."

Halafu akasema jambo ambalo Lorna alimwambia tangu Machi na ambalo hakuthubutu kunifikishia: kwamba Sajini hana ukali. Ana woga. Anawauma wanaokuja mmoja mmoja mchana, kwa sababu hao anaweza kuwafukuza.

Nilitoka nje nikafungua kibanda cha Kamanda. Ana majuma kumi na moja. Mwanga ulipoingia alirudi nyuma mpaka kwenye mbao, akainua mdomo, akaonyesha meno, na mkojo ukatiririka chini yake. Mwanzoni mwa mwezi huu niliandika kwa furaha kwamba amekoroma. Leo nilichuchumaa nikatazama miguu yake ya nyuma. Ilikuwa inatetemeka.

Niliketi pale mpaka Esnah akaniita chakula.

Jumamosi, 24 Mei, Sabato

Siku kumi zimetimia. Sajini ni mzima, hana kichaa. Esnah alipeleka habari kwa Bochaberi. Mimi sikwenda.

Jumatatu, 26 Mei

Daktari wa mifugo alikuja kutoka Ikonge. Alisema mbwa mzima wa miaka miwili anaweza kusaidiwa kidogo, kama ana ua wa kufungika na mtu mwenye subira, lakini hatakuwa wa kuaminika mahali watu wanapita. Njia ya kisimani inapita katikati ya ua wetu. Imepita hapo tangu babu. Nilifikiria kuanzia alipofunga mkoba mpaka alipomaliza chai, kisha nikamwomba aufungue tena.

Nilimshika mimi mwenyewe. Alinilamba kidole gumba. Kila daktari aliposogea alitetemeka, na nilimfunika macho kwa mkono wangu mpaka sindano ikafanya kazi.

Nimemzika juu, penye miparachichi. Kosa halikuwa lake.

Alhamisi, 29 Mei

Tumekwenda Masimba mimi na Esnah. Si kawaida mzee kumfuata mke wa mwanawe kwao, na niliona watu dukani wakitutazama. Baba yake, mzee Mokua, alitukaribisha kwa heshima kubwa na uso mgumu. Chai ikaletwa. Lorna aliketi karibu na mlango, macho chini kama inavyotakiwa. Mandazi na Chapati walikuja kunisalimia viatu. Sikuwahi kuwashika, ndiyo maana mstari wa "Baba" kitabuni haukuwa na alama. Walininusa wakaniacha.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia Esnah amwambie. Yaliponifika mdomoni nikaona ni ujinga. Mashtaka niliyatoa kwa sauti uani, kila mtu akisikia.

"Lorna," nikasema, "nilikusingizia. Ndoano ilikuwa mbovu na nilikuwa nimeambiwa. Nilisoma kitabu chako pia. Na pikipiki ile niliifikiria vibaya. Nimekosa."

Mzee Mokua alikohoa. Esnah akaangalia kikombe. Nilingoja alie, au anikatalie. Lorna akauliza:

"Baba, Kamanda ana majuma mangapi sasa?"

"Kumi na mawili na siku nne."

"Bado yuko gizani?"

"Mlango niliung'oa wiki iliyopita. Lakini hatoki."

Alihesabu kitu kwa vidole. "Tumechelewa sana," akasema. "Lakini si kabisa."

Jumapili, 1 Juni

Lorna amerudi. Kabla hata ya kufungua begi alienda nyuma ya jiko kumtazama Kamanda kutoka mbali. Akarudi akamwambia Esnah, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, kwa sababu tumerudia adabu yetu:

"Mama, mwambie Baba si mimi nitakayemshika huyu. Mtu wa kwanza ambaye Kamanda anamwogopa ni yeye."

Nilisema nimesikia.

Jumanne, 3 Juni

Saa mbili mpaka saa tatu nimekaa kwenye gunia, hatua nane kutoka kibandani, mgongo nimempa Kamanda. Natupa kipande cha maini nyuma yangu bila kugeuka. Mlinzi kukaa na mgongo wazi ni adhabu. Hakutoka. Mvua ilininyeshea.

Jumatano, 4 Juni

Vile vile. Niliporudi kutoka kunywa chai vipande havikuwepo. Huenda ni kuku.

Alhamisi, 5 Juni

Si kuku. Nimesikia akitafuna.

Jumapili, 8 Juni

Amekula kiganjani mwangu. Nilikuwa natazama upande wa majani chai, kwa hiyo sikumwona, nilihisi tu pua baridi na meno madogo, uangalifu mkubwa. Nilipogeuka alikimbia. Lorna alikuwa dirishani. Nilimwona amefunika mdomo kwa mkono.

Anasema, kupitia Esnah, kwamba nisitarajie awe kama dada zake. Huenda maisha yake yote akawa mbwa wa kupisha wageni na kufungiwa chumbani wakija. Kila kitu kipya aonyeshwe kwa mbali, pale ambapo bado anaweza kula. Akikataa kula, tumekaribia mno. Nimeuliza mbali ni hatua ngapi. Akasema Kamanda ndiye atakayeniambia.

Jumatano, 11 Juni

Saa tatu na nusu nimembeba Kamanda ndani ya koti mpaka njia ya kwenda kituo cha majani. Moyo wake unapiga kama wa ndege. Nimeketi chini ya ukingo, mbali na barabara, hatua arobaini. Watu wanapita, mimi natupa maini. Mwenye mwavuli, akala. Wawili wenye magunia, akala. Pikipiki hakuitaka, akaingiza kichwa kwapani mwangu.

Halafu nikamwona Bochaberi akipanda na kapu lake. Bado anachechemea. Aliniona, akasimama. Kamanda akaanza kukoroma ndani ya koti.

"Ni mtoto wake?" akauliza kutoka barabarani.

"Ndiye."

"Anaogopa nini na mimi ndiye niliyeumwa?"

Nikamwambia anaogopa kila kitu, kwa sababu nilimfungia. Nikamwambia Lorna anajaribu kuwazoesha watoto wa mbwa kwa watu wengi, wa kila aina, na huyu wangu amechelewa. Kisha nikamwomba. Nikasema kama angeweza kutupa kipande kimoja kwa mbali, bila kumtazama, ingemsaidia. Nilikuwa nimenyoosha mkono wenye nyama kama mtu anayeomba.

Bochaberi hakusogea.

"Baba Gibson, mke wako amekuja kwangu mara sita. Lorna amenipigia simu kila siku kutoka Masimba. Hata yule wa pikipiki alikuja na matunda. Wewe unakaa wapi?"

Nikashusha mkono wenye nyama.

"Hujaniambia pole," akasema.

Kwa hiyo nikasimama, na Kamanda ndani ya koti akihangaika, nikasema. Sikusema vizuri. Nilisema pole kwa mguu, na pole kwamba nilisimama na mnyororo mkononi badala ya kumwinua, na kwamba mbwa alikuwa wangu na woga niliuweka mimi. Nilimwambia Sajini nimemzika. Alisikiliza akitazama majani chai ya upande wa pili.

"Kaa chini, unamtisha," akasema mwishoni.

Nikakaa. Akashuka ukingo mpaka hatua kama kumi na tano kutoka kwangu, taratibu kwa sababu ya mguu, akasimama alipoona koti linatetemeka. Nilimrushia kifurushi cha nyama, akakiokota. Akageuza uso kabisa, kama nilivyomweleza, akatupa kipande kimoja bila kuangalia kinaangukia wapi. Kiliangukia karibu na kiatu changu. Kamanda hakukigusa. Tulikaa hivyo, yeye amenipa mgongo, mimi nimeinamisha kichwa, nadhani dakika tano nzima. Watu wa barabarani lazima walituona wendawazimu.

"Amekula?"

"Bado."

"Basi mimi nachelewa majani." Akaweka kifurushi juu ya jiwe, akachukua kapu, akapanda.

Alipofika juu kwenye barabara, Kamanda alitoka kotini. Alitambaa tumbo chini mpaka kwenye kiatu changu, akachukua kile kipande, akakimeza bila kutafuna. Halafu akanyanyua pua akamtazama Bochaberi anavyokwenda. Mkia wake ulikuwa bado katikati ya miguu, lakini alimtazama.

"Amekula!" nikapiga kelele, na Kamanda akaruka kurudi kotini kwa mshtuko.

Bochaberi hakugeuka. Aliinua mkono tu.

"Kesho napita saa nne," akasema. "Na usipige kelele."